Nuru, Chokaa na Vipimo: Ndani ya Makanisa ya Uholanzi Katika Uchoraji wa Karne ya 17

Picha za ndani ya makanisa zilizochorwa Uholanzi kuanzia miaka ya 1620 hadi mwisho wa karne ya 17 zina nafasi ya pekee katika historia ya uchoraji wa Ulaya, kwa kuwa ndani yake mahali penyewe ndipo panapobeba maana ya picha. Wachoraji wa Italia na wa Flanders walikuwa wamezoea kulichukulia jengo kuwa makao ya tukio: matao na nguzo zilisimama nyuma ya Bikira Maria, nyuma ya mtakatifu aliyekuwa akiteswa au nyuma ya wafalme waliopiga magoti, na jicho la mtazamaji lilitarajiwa kuyapita mawe ili liwafikie watu. Katika picha za Pieter Saenredam, Gerard Houckgeest, Hendrick van Vliet na Emanuel de Witte mpangilio huo uligeuzwa. Watu wakawa wadogo na mara nyingi wachache, na kazi ya kumgusa mtazamaji ikaachiwa nuru, kimo cha dari, weupe wa kuta na umbali uliopo kati ya nguzo moja na nyingine. Jumla ya mambo hayo, yaani kile ambacho mtu hukihisi mara tu anapoingia mahali, kabla hajakitambua kitu kimoja kimoja kilichomo, ndiyo inayoitwa katika insha hii hali ya mahali.

Ni rahisi kudhani kwamba hali hiyo ilitokana na utupu tu, kana kwamba wachoraji walikuta makanisa yaliyoondolewa mapambo, wakayanakili yalivyo, na utulivu ukaja wenyewe. Dhana hiyo haitoshi, maana ukumbi usio na kitu unaweza kuchorwa kwa usahihi wote na bado usimsimamishe mtu hata kwa dakika moja. Utulivu wa picha za Uholanzi ulijengwa, na uchunguzi wa jinsi ulivyojengwa unaonyesha kwamba mambo matatu yalikutana humo: mageuzi ya dini yaliyobadili sura ya majengo, matumizi ya kila siku ya makanisa yaliyokuwa chini ya uangalizi wa miji, na ufundi wa vipimo uliowawezesha wachoraji kuamua kwa makusudi ni kitu gani kionekane, kwa ukubwa gani na kutoka mahali gani. Aidha, weupe ule ambao watu wengi huuona kuwa ishara ya usahaulifu ulihifadhi kumbukumbu nyingi, zikiwamo kumbukumbu za dini iliyokuwa imepigwa marufuku.

Makanisa makuu ya Haarlem, Utrecht na Delft yalijengwa na Wakatoliki katika karne za kati, na kwa muda mrefu yalikuwa na altare nyingi za pembeni, zilizotunzwa na vyama vya mafundi, udugu wa waumini au koo zenye mali, pamoja na sanamu, mishumaa, ubani na vioo vya rangi vilivyogeuza mwanga wa jua kuwa mwekundu na wa samawati kabla haujafika sakafuni. Mnamo Agosti 1566 wimbi la uvunjaji wa sanamu lilianzia Steenvoorde, katika Flanders ya magharibi, likafika Antwerpen tarehe 20 ya mwezi huo na kuenea kaskazini, likiongozwa na imani ya Wakalvini, yaani Waprotestanti waliofuata mafundisho ya Jean Calvin, kwamba sura za watakatifu katika nyumba ya ibada zinavunja amri ya Mungu. Vita vya kujitoa katika utawala wa Hispania vilivyofuata viliyakamilisha mageuzi hayo kwa njia ya sheria: Delft ilijiunga na waasi mwaka 1572, kanisa la Mtakatifu Bavo la Haarlem, ambalo lilikuwa kanisa kuu la askofu tangu 1559, lilitwaliwa na Waprotestanti mwaka 1578, na huko Utrecht misa ya hadhara ilikatazwa mwaka 1580.

Yaliyofuata hayakuwa ubomoaji peke yake, kwani majengo yenyewe yalikuwa na thamani kubwa mno kuachwa yaharibike, na serikali za miji, ambazo sasa zilikuwa na usemi mkubwa juu yake, zilihitaji kuyapa kazi mpya. Michoro ya kutani ilifunikwa kwa chokaa, ingawa kupaka kuta chokaa kulijulikana hata kabla ya Wakalvini, na vioo vingi vilivyovunjika vilibadilishwa kwa vioo visivyo na rangi. Mahali pa sura za watakatifu paliwekwa mbao zilizoandikwa maneno ya Biblia, hasa Amri Kumi, kwa herufi kubwa zilizosomeka kutoka mbali. Kitovu cha ibada kilihama kutoka kwenye altare, iliyokuwa mwisho wa mashariki, kwenda kwenye mimbari iliyofungwa kwenye nguzo mojawapo ya ukumbi wa kati, na waumini wakaketi kuizunguka ili wasikie mahubiri. Matokeo yake ni kwamba sehemu yote ya mashariki, ambako mapadri walikuwa wakiadhimisha misa, ilibaki bila kazi maalumu ya ibada, jambo linaloeleza kwa nini wachoraji walikuta ndani ya jengo moja eneo lililojaa watu siku ya Jumapili na eneo jingine pana lililokuwa karibu tupu.

Eneo hilo tupu halikufungwa. Katika siku za kawaida milango iliachwa wazi, watu wakapita kwa matembezi, wakakutana kuzungumzia biashara, watoto wakacheza na mbwa wakaingia kwa wingi kiasi kwamba makanisa mengi yaliajiri mtu wa kuwafukuza. Kinanda kikubwa cha mabomba kilikuwa mali ya mji, naye mpiga kinanda alilipwa na mji, kama alivyokuwa Jan Pieterszoon Sweelinck katika Kanisa la Kale la Amsterdam hadi kifo chake mwaka 1621. Na kwa kuwa sinodi za Wakalvini zilikuwa na shaka juu ya kutumia vinanda ndani ya ibada, muziki huo ulisikika zaidi kabla na baada ya mahubiri, au jioni, kama burudani ya wananchi wote. Hata mwaka 1641 mjadala ulikuwa haujaisha, kwa maana mshairi na mwanasiasa Constantijn Huygens alichapisha kitabu kizima cha kutetea matumizi ya kinanda katika ibada. Chini ya sakafu walizikwa wafu, na kwenye nguzo zikatundikwa mbao za maombolezo, yaani mbao zenye umbo la msambamba zilizochorwa nembo ya ukoo wa marehemu. Kanisa la Uholanzi la karne ya 17 lilikuwa kwa wakati mmoja nyumba ya mahubiri, ukumbi wa mji na makaburi, na wachoraji walioingia humo waliikuta hali yenye tabaka zote tatu.

Kabla ya hapo ilikuwapo mila ya kuchora makanisa iliyostawi Antwerpen, na ni muhimu kuifahamu ili upya wa Waholanzi ueleweke. Hans Vredeman de Vries, msanifu na mchoraji aliyechapisha kitabu chake maarufu cha perspektivu katika miaka ya 1604 na 1605, aliwafundisha wengi kanuni za fani hiyo, ambayo ni utaratibu wa kijiometri wa kuonyesha kina juu ya uso bapa kwa kuifanya mistari inayoelekea mbali ikutane kwenye nukta moja. Wafuasi wa njia hiyo, kama vile Hendrick van Steenwyck Mkubwa na Pieter Neefs, walichora kumbi ndefu zenye giza, zilizowashwa mishumaa na kupangwa kwa ulinganifu mkamilifu kushoto na kulia, na mara nyingi makanisa hayo yalikuwa ya kubuni au yalikuwa kanisa kuu la Antwerpen lililorekebishwa kwa uhuru. Mtazamaji aliyashangaa kwa ustadi wa hesabu, lakini kwa kuwa hapakuwa na sehemu halisi ambapo angeweza kusimama na kuona vile, hali ya mahali ilibaki kuwa ya jukwaa.

Aliyeibadili mila hiyo alikuwa Pieter Saenredam, aliyezaliwa katika kijiji cha Assendelft mwaka 1597, mwana wa Jan Saenredam, fundi mashuhuri wa kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba kwa ajili ya uchapaji. Baba alifariki mwaka 1607, na miaka miwili baadaye mama akahamia Haarlem pamoja na mwanawe, ambako kijana alijifunza kazi kwa mchoraji Frans de Grebber kwa muda wa miaka 10 hivi, kisha mwaka 1623 akapokewa katika chama cha Mtakatifu Luka, chama cha mafundi kilichosimamia wachoraji wa mji. Uhusiano wake na wasanifu majengo, na hasa na Jacob van Campen, ambaye baadaye alisanifu jumba la serikali ya mji wa Amsterdam lililoanza kujengwa mwaka 1648, ulimpa mazoea ya kulifikiria jengo kwa vipimo vya msingi, kimo na upana badala ya kulifikiria kama pambo. Mwaka 1628, baada ya kushiriki katika kazi ya kuchora picha za kitabu cha Samuel Ampzing juu ya historia na sifa za Haarlem, alianza kutoa picha za rangi zinazoonyesha ndani ya kanisa la Mtakatifu Bavo, na tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1665 hakuiacha tena kazi ya kuchora majengo halisi.

Utaratibu wake wa kazi unajulikana vizuri kwa sababu michoro yake mingi imesalia, na aliandika juu yake tarehe na jina la mahali kwa uangalifu wa karani. Kwanza alikaa ndani ya kanisa akachora kwa mkono huru yale aliyoyaona, akiweka alama kwenye nukta iliyokuwa sawasawa na jicho lake, ambapo mistari yote ya kina ingekutana. Pamoja na hayo alipima nguzo, madirisha na sakafu. Kisha, akiwa nyumbani, na mara nyingi baada ya miaka kadhaa, alitengeneza mchoro wa pili kwa rula na bikari, wenye ukubwa uleule wa picha iliyokusudiwa, ambamo makosa ya jicho yalisahihishwa kwa vipimo. Mchoro huo ulipakwa weusi upande wa nyuma, ukalazwa juu ya ubao wa mwaloni uliokwisha kuandaliwa, na mistari yake ikafuatishwa kwa ncha ngumu hadi ikaacha alama ubaoni. Baada ya hapo ndipo rangi ya mafuta ilipoanza kupakwa, kwa tabaka jembamba kiasi kwamba nyuzi za mti huonekana sehemu nyingine chini yake.

Katika safari hiyo ya kutoka mchoro wa kwanza hadi ubao, hali ya mahali iliundwa kwa maamuzi ambayo mtazamaji hayatambui kwa urahisi. Saenredam aliuweka mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho, chini katika picha, hivyo kwamba sehemu kubwa ya ubao iliachiwa kuta na dari, na mtu anayeitazama huhisi kimo kikimwinukia juu ya kichwa chake. Pembe ya kutazamia aliipanua kupita ile ambayo jicho la binadamu huweza kuimudu bila kugeuza kichwa, ili nguzo za karibu zipite kando huku matao ya mbali yakiendelea kuonekana kamili. Inapolinganishwa michoro ya vipimo na picha zilizokamilika, hubainika kwamba mara kwa mara aliyarefusha matao, akazifanya nguzo ziwe nyembamba na laini zaidi, na akaviondoa vitu vidogo vilivyovuruga mistari mikuu. Mtu aliyefahamika kwa usahihi wake alikuwa, kwa maneno mengine, tayari kuuacha usahihi pale ulipopingana na hisia aliyotaka kuifikisha. Lakini kwa kuwa mabadiliko yake yalifanywa ndani ya mfumo wa vipimo, jengo liliendelea kuaminika.

Uamuzi mwingine ulihusu weupe. Kuta za Saenredam huelezwa kuwa nyeupe, lakini anayezitazama kwa makini hukuta humo manjano hafifu, kijivu, waridi iliyofifia na rangi ya mchanga, zilizopangwa kwa tofauti ndogo ndogo kutegemea kama ukuta unaelekea dirishani, unapokea mwanga uliogonga sakafu kwanza, au umesimama nyuma ya nguzo. Vivuli vizito ni vichache. Nuru haina chanzo kimoja kinachoonekana. Imesambaa, na kila uso wa jiwe unaipokea na kuirudisha. Ni hapo ambapo mabadiliko ya kihistoria yaliyotajwa hapo juu yanaingia moja kwa moja katika rangi, kwani mwanga wa namna hiyo haungewezekana katika kanisa lenye vioo vyekundu na vya samawati na kuta zilizojaa michoro: ulihitaji vioo visivyo na rangi na chokaa, vitu viwili ambavyo Wakalvini walivileta au kuvieneza kwa sababu za kidini, na ambavyo mchoraji alivigeuza kuwa nyenzo ya uzuri.

Mfano ulio wazi wa jinsi mambo hayo yanavyofanya kazi pamoja ni picha ya kanisa la Buurkerk la Utrecht, ya mwaka 1644, inayohifadhiwa katika National Gallery ya London. Saenredam alikaa Utrecht kwa miezi kadhaa mwaka 1636 akichora makanisa ya mji huo, na mchoro wa msingi wa picha hii una tarehe 16 Agosti ya mwaka huo, ikiwa na maana kwamba miaka minane ilipita kabla haujageuzwa kuwa picha ya rangi. Nusu ya pili ya mchoro huohuo ilitumika kwa picha nyingine ya mwaka 1645, ambayo sasa iko Fort Worth nchini Marekani. Katika picha ya London watu ni wachache na wanaonekana wadogo mno chini ya matao. Kwenye kona ya chini mvulana mmoja anachora ukutani huku mwenzake akicheza na mbwa, na mchoro huo wa kitoto unaonyesha kisa cha wana wanne wa Aymon waliompanda farasi mmoja aitwaye Bayard, kisa kilichopendwa sana katika vitabu vya watu wa kawaida. Juu yao pametundikwa ubao unaomwonyesha Musa akiwa na mbao za Amri Kumi. Kwa kuweka sheria iliyoandikwa, mkono wa mtoto usiojali sheria hiyo, na kimo kikubwa cha mawe yasiyoyajali yote mawili katika eneo moja dogo la picha, Saenredam ameonyesha maisha halisi ya kanisa lililokuwa wazi kwa kila mtu, bila kuipunguza heshima yake hata kidogo.

Kumbukumbu ya dini ya zamani hujitokeza kwa nguvu zaidi katika picha ya kanisa la Mtakatifu Yohane la 's-Hertogenbosch, ya mwaka 1646, iliyopo Washington. Mji huo ulitekwa na jeshi la Waholanzi chini ya Frederik Hendrik mwaka 1629, na Saenredam alipokwenda kuuchora mwaka 1632 ibada ya Kikatoliki ilikuwa imekwisha kuondolewa katika kanisa hilo, pamoja na picha ya altare kuu. Hata hivyo, katika picha ya rangi aliyoitengeneza miaka 14 baadaye, alijaza nafasi hiyo kwa picha ya altare ya Abraham Bloemaert, mchoraji Mkatoliki wa Utrecht, akalirudisha kanisa katika sura ambayo lilikuwa limeipoteza. Wanahistoria wamejadili kama mteja Mkatoliki ndiye aliyeagiza hivyo au kama mchoraji alipendezwa na ukamilifu wa usanifu. Kwa vyovyote vile, ni dhahiri kwamba mtu aliyejulikana kwa kuta tupu alielewa kwamba kuta hizo ziliwahi kujaa, na kwamba kuupima utupu ni pamoja na kujua kilichoondolewa.

Picha ya kanisa la Mtakatifu Odulphus la Assendelft, ya mwaka 1649, iliyoko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, inaleta kumbukumbu hiyo karibu zaidi na maisha yake mwenyewe. Ibada inaendelea kwa mbali, mhubiri akiwa mimbarini na waumini wakiwa wamekaa kwa unyenyekevu, baadhi yao sakafuni, wakati upande wa mbele kabisa, mahali ambapo jicho huingilia katika picha, limelala jiwe la kaburi lenye jina la Jan Saenredam, baba yake mchoraji. Hakuna machozi wala ishara ya maombolezo. Jiwe limechorwa kwa kufuata kanuni zilezile za perspektivu zinazotawala mabenchi na madirisha, na kwa kuwekwa chini ya nuru ileile inayowaangukia walio hai, limepewa nafasi yake katika jamii ya kanisa. Picha hiyo ni uthibitisho kwamba hesabu katika mikono ya Saenredam haikuwa baridi, kwa kuwa hapo kipimo kimetumika kama njia ya kumheshimu mzazi.

Mwelekeo tofauti ulizuka Delft karibu na mwaka 1650. Katika Kanisa Jipya la mji huo alizikwa Willem wa Oranje, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania aliyeuawa kwa risasi Delft tarehe 10 Julai 1584, na juu ya kaburi lake serikali ya majimbo ilijenga mnara wa marumaru na shaba, uliobuniwa na Hendrick de Keyser na kuanza kujengwa mwaka 1614. Gerard Houckgeest, ambaye hapo awali alichora majengo ya kubuni, aligeukia kaburi hilo mwaka 1650, akaacha kusimama katikati ya ukumbi na kulitazama kanisa kutoka pembeni, kwa mshazari, akitumia perspektivu ya nukta mbili, yaani ile ambayo mistari yake hukimbilia pande mbili tofauti badala ya moja. Matokeo ni kwamba nguzo nene huja mbele, huziba sehemu ya kaburi na kumlazimisha mtazamaji kuhisi kwamba akipiga hatua chache ataliona vizuri zaidi. Mjukuu wa kiongozi huyo, Willem II, alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1650, na huenda hamu ya picha za kaburi hilo ilichangiwa na hisia za kisiasa za wakati ule. Lakini mbinu ya kutazama kwa mshazari ilibaki hata pale siasa zilipobadilika, na Hendrick van Vliet aliiendeleza kwa miaka mingi katika makanisa yote mawili makuu ya Delft.

Emanuel de Witte, mzaliwa wa Alkmaar aliyefanya kazi Delft kabla ya kuhamia Amsterdam mwanzoni mwa miaka ya 1650, ndiye aliyeitumia mbinu hiyo kwa ajili ya nuru. Pale Saenredam alipoisambaza nuru, de Witte aliikata: jua linaingia kupitia madirisha marefu na kuangukia nguzo na sakafu kwa vipande vyenye kingo kali, huku sehemu kubwa ya kanisa ikibaki katika kivuli cha kahawia na kijivu. Watu wake ni wakubwa zaidi, wanaume wakiwa na kofia na majoho meusi, wanawake wameketi wakisikiliza mahubiri, mama akimnyonyesha mtoto chini ya nguzo, na mbele yao mara kwa mara kuna kaburi lililofunguliwa, mawe ya sakafu yameondolewa, udongo umerundikwa na mchimbaji amesimama akizungumza na mpita njia. Hali ya mahali katika picha hizo ina saa na siku, kwani kipande cha jua kilichopo juu ya nguzo kitahama baada ya muda mfupi, na kaburi lililo wazi linalizungumzia jambo hilohilo kwa lugha nzito zaidi. De Witte hakujifunga na jengo moja. Baada ya kuhamia Amsterdam alichanganya mara nyingi sehemu za makanisa tofauti, akajenga ukumbi ambao haupo popote, lakini ambao kila mkazi wa mji angeweza kuutambua kwa hisia.

Picha hizi zote zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za watu, maofisi ya miji na wakusanyaji, kwa kuwa Kanisa la Wakalvini halikuagiza picha za ibada na hivyo lilimnyima mchoraji yule aliyekuwa mteja wake mkubwa zaidi katika nchi za Kikatoliki. Hali hiyo ya soko iliwapa wengine uhuru na wengine dhiki. De Witte alijifunga mwaka 1660 kwa mkataba wa kumtolea kazi zake zote mthibitishaji wa hati mmoja wa Amsterdam, ambaye kwa upande wake angempa makazi, chakula na guilda 800 kwa mwaka. Desturi ya wenye nyumba kuzifunika picha zao za thamani kwa pazia nayo iliingia katika sanaa yenyewe, kwani Houckgeest na de Witte walichora ndani ya picha zao pazia lililovutwa kando, kwa ustadi uliomfanya mtazamaji atake kulishika. Pazia hilo lilimkumbusha kwamba anatazama kitu kilichofanywa kwa mikono, na wakati huohuo likamfungulia kanisa ndani ya chumba chake.

Uwezo wa mbinu hizo kuvuka mipaka ya dhehebu ulithibitika mwaka 1680, de Witte alipochora ndani ya sinagogi ya Wayahudi wenye asili ya Ureno iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1675, na picha hiyo sasa imo Rijksmuseum. Sinagogi, kama kanisa la Wakalvini, haikuwa na sura za kuchongwa, na mchoraji aliweza kuhamishia humo kila alichojifunza juu ya nguzo nene, vipande vya jua na makundi ya watu wanaosikiliza, bila kuigeuza nyumba ya Wayahudi kuwa kanisa. Hapo inadhihirika kwamba kilichokuwa kimekuzwa kwa muda wa miaka 50 kilikuwa ni namna ya kuiheshimu nyumba ya ibada kwa kuitazama kwa makini, namna ambayo imani nyingine ingeweza kuipokea kama yake.

Majengo mengi yaliyotazamwa kwa makini kiasi hicho hayapo tena au hayapo katika sura ile. Ukumbi wa kati wa kanisa kuu la Utrecht, ambao Saenredam aliuchora, uliporomoshwa na dhoruba tarehe 1 Agosti 1674 na haukujengwa tena; Kanisa la Maria la mji huohuo, alilolichora mara nyingi, lilibomolewa katika karne ya 19, na kanisa la Assendelft likapatwa na hali hiyohiyo; Buurkerk imekuwa jumba la makumbusho la ala za muziki zinazojipiga zenyewe; na kinanda cha Haarlem alichokichora kilipisha kinanda kipya cha Christian Müller mwaka 1738. Kwa sababu hiyo wasanifu na wanahistoria huirejea michoro yake wanapotaka kujua kimo cha tao au umbo la dirisha lisilokuwapo, na huipata faida hiyo pale tu wanapokumbuka kwamba aliyeichora alikuwa pia mtu aliyerefusha matao kwa makusudi.

Thamani ya picha hizo kwa historia na thamani yake kwa sanaa hazitenganiki. Wachoraji wa Uholanzi walirithi majengo ambayo vita na mabishano ya imani yalikuwa yameyaacha bila sura za watakatifu, na katika mazingira hayo ingewezekana kabisa kuyachora kwa ushindi wa mshindi au kwa uchungu wa aliyeshindwa. Walichagua kuyapima, kuyasubiri kwa miaka, kuipanga nuru yake na kuwaweka ndani yake wahubiri, watoto, mbwa, wachimba makaburi na wafu bila kumwondoa hata mmoja. Hali ya mahali inayomsimamisha mtazamaji mbele ya kazi zao ni tunda la uvumilivu huo, nao ulizaa matunda kwa sababu fundi aliuona ukuta uliopakwa chokaa kuwa unastahili uangalifu uleule ambao vizazi vilivyomtangulia viliutoa kwa uso wa mtakatifu.